Mkono Uliozoea Kwingine

Jumamosi asubuhi duka la mzee Pépin la kunoa viatu vya kutelezea kwenye barafu halina pa kuweka mguu. Wazazi wa watoto wa hoki wanajazana mlangoni na mabegi makubwa kama magunia, watoto wanagombania kochi moja bovu, na mashine ya kunolea inapiga kelele nyuma ya pazia la plastiki mpaka watu wanaongea kwa kupaza sauti. Humo ndimo Mathis Laverdure alimokutana ana kwa ana na mwanamke ambaye alikuwa akimkwepa Montreal nzima tangu Novemba.

Alimtambua kwa mgongo kwanza. Coralie Gingras alikuwa amevaa koti la rangi ya haradali lililomfika magotini, na kofia ya sufu ya kijani aliyofumiwa na mama yake. Mkononi alikuwa amening'iniza viatu vyake vyeupe kwa kamba. Viatu hivyo ndivyo vilivyomchoma Mathis, maana kiatu kinacholetwa kunolewa ni kiatu kinachotumika, na yeye hakujua kinatumika na nani.

Alitaka kurudi nje. Baba mmoja mwenye watoto watatu akamsukuma kwa begi, akajikuta amesimama kifua kwa bega na Coralie.

"Umenenepa," Coralie alisema, bila salamu.

"Ni koti."

"Koti halina mashavu."

Mathis akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeomba radhi. Wengine hatia huwakondesha, yeye ilimnenepesha. Miezi yote hiyo alikuwa akila chipsi za jibini na mchuzi, peke yake, kwenye kile kibanda walimokuwa wakila wote wawili.

"Bega linaendeleaje?" akauliza.

"Limeunga. Halijarudi palepale, lakini limeunga." Coralie alisogeza viatu mkono wa pili. "Nimeanza tena tangu mwezi wa pili. Nimeweka tangazo kwenye ule mtandao wa kutafuta wenzi wa dansi ya barafu."

Mathis alilijua tangazo hilo. Alilisoma kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki.

"Wamekuja?"

"Wawili walisema watakuja. Mmoja akapotea kimya kimya. Wa pili ni Francis, yule mrefu wa Gatineau. Huyo angalau alisema ukweli. Kasikia eti nachelewa kuingia mwanamume anaponinyanyua. Akaniambia, dada, nina mgongo mmoja tu."

Alilisema hilo kama anayetoa habari za hali ya hewa, kisha akamtazama Mathis machoni. Neno lilimfika Mathis kooni. Angelitoa pale, mbele ya mabegi na watoto, angeondoka mwepesi. Lakini mzee Pépin aliita namba, Coralie akasogea dirishani, na neno likarudi tumboni lilikokuwa limelala muda wote.

Sasa lazima tueleze neno lenyewe.

Vijana hawa waliunganishwa na kocha wao, Madamu Sauvageau, wakiwa bado na chunusi. Kwa miaka mitatu walishikana viuno kila siku bila hata kupendana, kwa sababu dansi ya barafu ni kazi kama kazi nyingine. Halafu jioni moja treni ya chini ya ardhi ikakwama katikati ya vituo, wakagawana sandwichi moja, na ilipoanza kwenda tena hakuna aliyeuondoa mkono wake kwa mwenzake.

Madamu alikuwa na sheria moja kwenye barafu yake. Wakijikwaa, hakuna kusema wewe umefanya hivi, wewe umefanya vile. Kila mmoja husema "langu," yaani kosa ni langu, kisha wanaendelea. Wote wawili, papo hapo, bila kujali aliyekosea ni nani. Mathis na Coralie waliizoea hata nyumbani. Maziwa yakimwagika, langu. Wakipitwa na basi, langu. Waliitania hiyo sheria, lakini iliwafaa, na nyumba yao ndogo haikujua ugomvi.

Mwezi wa kumi, wakiwa kwenye kile kibanda cha chipsi, Coralie alimwambia kwamba amekubaliwa chuo cha uuguzi mjini Quebec. "Sijaamua," akasema, na akamtazama kwa muda mrefu. Mwanamume mwenye akili zake angesema neno moja tu, usiende. Mathis alisema, "Hongera, mpenzi," akachovya chipsi kwenye mchuzi. Coralie alisikia kwamba Mathis hajali. Mathis, kwa upande wake, alisikia anaagwa.

Na katika dansi hii wasichana ni wengi, wavulana ni wa kutafuta kwa tochi. Mvulana ambaye makali ya viatu vyake hukata barafu safi hupigiwa simu na baba za wasichana asiowajua. Wiki ile ile Mathis akapigiwa na baba mmoja kutoka Calgary: binti yake, Paige, atakuwa Ottawa, je, Mathis angependa kumjaribu kama mwenzi wa dansi? Mathis akajiambia anakwenda kuangalia tu. Kwa Coralie akasema anakwenda kwa daktari wa meno wa zamu. Watu wa barafu watakusamehe busu la pembeni mapema kuliko kukusamehe majaribio ya siri, na Mathis alilijua hilo alipokuwa anapanda basi.

Paige alikuwa msichana mwenye tabasamu na miguu hodari, ila mfupi. Mathis alimshika kutwa nzima. Jioni akili yake ikarudi Montreal na basi, lakini mkono ukabaki Ottawa.

Jumatatu iliyofuata walikuwa mazoezini, na jukwaani ameketi mwamuzi aliyealikwa kuitazama programu yao. Coralie alikuja kwa kasi, kama alivyokuja mara zisizohesabika, akaruka akiutegemea mkono wa Mathis kiunoni mwake. Mkono wa Mathis ukaenda palipokuwa kiuno cha Paige. Ukakuta paja. Coralie akaanguka kwa bega, na mtulinga ukavunjika kwa mlio ambao Mathis bado anausikia akipasua kijiti cha kuni.

Alipiga magoti kando yake. Coralie hakulia. Alimwangalia, akauliza kwa sauti ya chini, "Huyo mwingine ni mfupi kiasi gani?"

Madamu alikuwa anakuja mbio, na viatu vyake vya mtaani vikiteleza. Coralie akageuza uso kwake. "Langu, Madamu," akasema. "Nimechelewa kuingia." Halafu akasubiri lile "langu" la pili, lililokuja siku zote, lililokuja hata kwa maziwa.

Mathis alifungua mdomo. Miaka yote neno hilo lilikuwa jepesi kwa sababu lilikuwa adabu tu. Siku hiyo lilikuwa la kweli, likamshinda uzito. Madamu akaondoka na lile la Coralie peke yake, mwamuzi akalisikia, na habari ikatembea. Hospitalini Coralie alimwambia asimfuate, na Mathis, Mungu amsamehe, alitii upesi mno. Baba wa Paige alipiga tena mara mbili. Mathis hakupokea.

Jioni ya Jumamosi ile ya dukani, Mathis alikaa kitandani na viatu vilivyonolewa magotini, akapiga namba iliyokuwa kwenye tangazo, ingawa aliijua kwa moyo.

"Halo. Naulizia lile tangazo."

Sauti ya Coralie ilijibu, kavu kama ya karani. "Tangazo lipi?"

"La msichana anayetafuta mwenzi wa dansi."

"Jina?"

"Coralie, acha hizo."

"Jina, kaka. Wapigaji ni wengi."

"Mathis Laverdure."

"Urefu?"

"Urefu wangu unaujua."

"Nilidhani nakujua wewe pia. Urefu?"

Akautaja.

"Uzito?"

"Si umeuona asubuhi."

Akasikia pumzi fupi, kicheko kilichomezwa kabla hakijatoka.

"Umewahi kuwa na mwenzi?"

"Mmoja."

"Mmoja na siku moja," Coralie akamsahihisha. "Mliachana kwa nini?"

Mathis aliuangalia mkono wake wa kulia. "Hilo nitalisema uwanjani. Mbele ya Madamu."

Akasikia kurasa za daftari zikifunuliwa.

"Kesho saa tatu asubuhi," Coralie akasema. "Usichelewe. Nasikia mmoja wetu anachelewa."

Jumapili Mathis alifika mapema. Mlangoni mwa uwanja akamkuta Lise, mama yake Coralie, mwanamke mnene mchangamfu, na chupa ya kahawa kwapani. Mathis alitegemea kofi. Lise akamvuta, akambusu mashavu yote mawili, akammiminia kahawa kwenye kikombe chake mwenyewe.

"Mwanangu, nimefurahi umekuja," akasema. "Wengine wote wanamsema. Wewe hujamsema vibaya hata siku moja, na ndiwe uliyekuwa naye siku ile. Namwambia kila mara, yule kijana ana heshima."

"Mama, mimi..."

"Kunywa, itapoa. Na unajua alikikataa chuo kwa ajili yako? Aliwaandikia Jumapili ile, kesho yake akaumia. Alikuwa anangoja mmalize mazoezi akuambie."

Kahawa ilikuwa nzuri, na Mathis akakishusha kikombe kikiwa bado kimejaa. Jumapili ile ndiyo siku aliyokuwa Ottawa. Coralie alikuwa akiandika barua ya kuufunga mlango wa kuondokea, na saa hiyo hiyo yeye alikuwa ameshika kiuno cha mtu mwingine, akisifiwa na baba wa mtu mwingine. Alijiona mchafu, na hilo la kuitwa kijana mwenye heshima lilimchafua zaidi.

Coralie alitoka chumba cha kubadilishia akiwa na gauni la mazoezi la rangi ya zabibu nyeusi, nywele amezibana juu, shingo wazi. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka. Si sana, mtu wa kawaida asingeliona. Madamu Sauvageau, mwembamba ndani ya koti refu la manyoya, midomo myekundu hata asubuhi ya baridi namna hii, alikuwa ameegemea ukuta mfupi wa uwanja.

"Haya, ingieni," akasema. "Barafu hailali."

"Madamu, kabla hatujaanza," Mathis akasema. "Siku ile ya Novemba. Kosa lilikuwa langu."

Madamu akapunga mkono. "Najua, najua. Langu, langu. Adabu yako imechelewa miezi mitano, lakini ahsante. Ingia."

Hapo Mathis aliona sheria nzuri ilivyomfungia mlango. Alikuwa amelisema neno mara nyingi bure kiasi kwamba sasa halikununulika.

"Sisemi kwa adabu," akasema. "Hakuchelewa. Alikuja sawasawa kama siku zote. Mkono wangu ndio uliokwenda chini. Jana yake nilikuwa Ottawa kwenye majaribio na msichana mwingine, mfupi. Nilimdanganya Coralie. Nilimshika yule kutwa, na Jumatatu mkono ukamtafuta yule. Coralie alijua pale pale barafuni. Akajitwisha yeye, akaningoja nami niseme, nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo."

Mashine ya kusafishia barafu ilikuwa inapoa kwa mlio kule pembeni.

Lise alisogea taratibu. "Nipe kikombe changu," akasema. Mathis akampa. Lise akaimwaga kahawa kwenye pipa la taka, akakifuta kikombe kwa skafu yake, akakirudisha juu ya chupa.

Madamu alikuwa amebadilika rangi. "Mwamuzi nilimwambia mimi," akasema. "Nilimwambia, msichana wangu ni mzuri ila huchelewa kuingia. Na yeye akawaambia wengine. Nimemchafua mtoto huyu kwa mdomo wangu mwenyewe." Akamgeukia Mathis. "Toa simu. Utampigia yule mwamuzi, kisha utampigia Francis. Hapa hapa, tusikie."

Mwamuzi aliguna tu, akasema amesikia. Francis alipokea kwa sauti ya usingizi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mbona unaniambia mimi?" akauliza. "Wewe si ndiye unayemtaka?"

"Ndiyo."

"Basi wewe ni mjinga, bwana."

"Ndiyo."

"Nikija Jumapili ijayo kumjaribu, utanichukia?"

Mathis alimtazama Coralie. Coralie akaitikia kwa kichwa.

"Njoo," Mathis akasema, na kila herufi ikamkwaruza.

"Sasa tuingie," alisema Coralie, akivua zile kava za plastiki zinazokinga makali, akamkabidhi mama yake. "Barafu hii nimeikodi, sikuikodi kwa ajili ya mahubiri."

Wakaingia. Waliteleza ubavu kwa ubavu raundi ya kwanza, kama watu waliotambulishwa asubuhi ile. Kisha wakageukiana kucheza valsi, ile dansi ya kuzunguka wakiwa wameshikana, na mkono wa Mathis ukapanda wenyewe mgongoni kwa Coralie, pale pale palipokuwa pake kwa miaka.

"Hapo nilikuwa Novemba," Coralie akamnong'oneza. "Chini kidogo. Sasa niko hapo."

Akaushusha. Wakaenda. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililouma, jinsi ilivyokuwa nzuri. Magoti yao yaliinama pamoja, makali yakakata barafu kwa sauti moja, na Lise kule pembeni akajisahau, akaanza kutikisa kichwa kwa mdundo.

"Mnyanyue," Madamu akaita.

Coralie alikuja kwa kasi. Mkono wa Mathis ulikuwa mahali pake, ukingoja. Hatua ya mwisho Coralie akafunga breki, barafu ikaruka, wakakumbatiana wasianguke. Wakarudia. Akafunga breki tena. Mara ya tatu alisimama mbali kabisa, mikono kiunoni, akihema.

"Langu," akasema.

"Langu," akasema Mathis.

Coralie akacheka, na machozi yakamtoka. Alimsogelea mpaka pua zao zikakaribiana. "Nisikilize, wewe mwanaume. Mimi nimekusamehe. Nafikiri nilikusamehe jana kwenye simu, uliposema utalisema mbele ya Madamu. Lakini bega halijakusamehe, na bega silitawali mimi."

"Nitalisubiri."

"Msimu hautasubiri. Nina miaka michache tu ya kufanya kitu hiki, Mathis. Nilikikataa chuo kwa sababu nilikuwa nataka vyote viwili, wewe na barafu. Nimebakiwa na njia ya kuvipata, ila si kwa pamoja."

Alielewa, na alitamani asingeelewa. "Francis," akasema.

"Akinifaa."

"Na mimi?"

"Wewe leo unanipeleka kula chipsi. Na ukitaka kwenda kumjaribu msichana, nenda, ni kazi yako, ila uniambie ukiwa bado nyumbani." Akamfuta shavu kwa glavu yake yenye unyevu. "Na siku nikikwambia nataka kwenda mahali, sema usiende. Hata kama nitaenda."

"Usiende," Mathis akasema papo hapo.

"Siendi popote, mjinga wewe. Nakwenda kuvua viatu."

Jumapili iliyofuata Francis alikuja na basi la asubuhi, mrefu, nywele nyekundu, kijana mwema usiyeweza hata kumchukia vizuri. Mathis alisimama nje ya ukuta mfupi, kati ya Madamu na Lise ambaye bado hakuwa anamsemesha. Mikononi alishika kava za viatu vya Coralie. Miaka yote alizipokea akiwa ndani ya barafu, akampa kocha. Safari hii amepewa yeye azitunze.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Francis alimshika vizuri, kitaalamu, kwa kipimo cha msichana yeyote mwenye mabega sawa, na kila walipogeuka Coralie alivutwa upande, goti likatikisika. Mara ya pili wakagongana miguu.

"Langu," Coralie akasema.

"Umesogea mapema," Francis akasema, kwa upole. Kwao Gatineau hawana ile sheria.

Wakajaribu tena, ikaharibika tena. Francis akatazama saa ya ukutani. Madamu akakunja midomo. Mathis aliona wazi kinachokwenda kutokea: raundi mbili zaidi za namna ile, Francis atashukuru kwa heshima, atapanda basi lake, na Coralie hatakuwa na mtu mwingine ila yeye. Hakuhitajika kufanya lolote. Alihitajika kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa na uzoefu nako.

Akainama juu ya ukuta.

"Francis," akaita. "Mkono wa mgongoni uko juu. Shusha kidogo. Bega lake la kushoto limeshuka, ni mimi nilimvunja. Shusha tena. Hapo. Usimvute, atakuja mwenyewe."

Francis akaushusha mkono. Coralie hakugeuka kumtazama Mathis, lakini mgongo wake ulitulia, na Mathis aliujua mgongo ule. Wakaondoka wawili hao, polepole, kisha kwa kasi, makali yakakata barafu kwa sauti moja. Lise akafungua chupa ya kahawa, akamimina kikombe, akakiweka juu ya ukuta karibu na kiwiko cha Mathis. Mathis hakukigusa kwanza. Mikono yake ilikuwa imejaa kava za Coralie, na alikuwa anatazama.